Ukuta na Sitara Yake

Usiku mmoja wa mwezi wa Juni, kusi likivuma na bahari ikisikika hadi vichochoroni, bomba la pazia lilianguka chumbani kwetu. Kishindo chake hakikuwa kikubwa. Kilichotuamsha ni kile kilichofuata: sauti ya vitu vikavu vikimwagika, kana kwamba mtu amepasua gunia la mchele juu ya sakafu. Nilipowasha taa nililiona pazia limelala chini, limefunikwa na vumbi jeupe, na ukutani, pale ncha ya bomba ilipokuwa imeshikizwa, pana tundu la ukubwa wa sinia dogo. Hakuna aliyeumia. Mke wangu alilitazama tundu, akanitazama mimi, akasema, "Hilo si tundu la leo," kisha akarudi kulala.

Yampasa msomaji asiyezijua nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja aelezwe kwamba vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Upana wao haukuchaguliwa na mwenye nyumba bali na mikoko: boriti ina urefu wake, na chumba hakiwezi kupita pale boriti inapokomea, yaani mita tatu hivi au pungufu. Kwa hiyo familia yenye watu wengi hukigawa chumba kwa pazia, ukuta kwa ukuta, wakubwa huku na wadogo kule. Pazia letu lilikuwa zito, la mahameli, zawadi ya binti yetu kwa ajili ya Idi. Bomba lake nililifunga mwenyewe kwa mashine ya kuazima, fisha mbili na skrubu mbili kila upande. Ncha moja ilishika ukuta wa ndani; ncha ya pili ilishika ukuta wa shirika, ambao nyuma yake ni chumba cha jirani yetu, bibi mmoja mjane ambaye sitamtaja jina.

Asubuhi nilidhani kosa lote ni la fisha. Fisha imetengenezwa kwa ajili ya ukuta mgumu: huingizwa tunduni, skrubu ikaisukuma itanuke, nayo ikang'ang'ania. Ukuta wetu haukujengwa kwa matofali ya saruji. Ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa bila kuchongwa, yakashikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hiyo ukitobolewa kwa mashine hutetemeka ndani na kumeguka kidogo kidogo, na kila mkono wa mtoto unapovuta pazia, tundu hupanuka kiasi cha ukucha. Wazee walilijua jambo hilo. Ndiyo maana walichomeka vigingi vya mbao tangu siku ya kujenga, chokaa ikiwa mbichi, mbao na ukuta vikauke pamoja. Mimi nilitaka kumaliza kabla ya adhuhuri.

Nikamwita fundi kijana wa mtaani. "Maalim, kazi hii ni ya nusu saa," akaniambia. "Kilo tano za saruji, basi." Akaanza kukwangua lipu iliyolegea kwa ncha ya mwiko. Punde akaacha kukwangua, akanigeukia. Chini ya ngozi nyembamba ya chokaa palikuwa pana kijivu. Alipokifuata kile kijivu kwa patasi kilikwenda, kikashuka hadi sakafuni, kikatambaa kulia kiasi cha pima mbili. Ilikuwa saruji, ngumu kama sahani ya chuma, na alipoimegua kipande kimoja, nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa kama udongo wa mfinyanzi, na juu ya ule unyevu imeota chumvi nyeupe, laini, mfano wa unga wa sembe.

"Nani alitia saruji hapa?" akauliza.

Nilijua ni nani. Mwaka 1986 nilikuwa na miaka 16. Nyumba ilikuwa ya wakfu na sisi wapangaji, na ukuta huu ulikuwa umepasuka na kutoa maji kwa chini. Ukavuma uvumi kwamba mkaguzi atapita, na vyumba atakavyovikuta vibovu vitafungwa, wenyewe watafute pa kwenda. Tulikuwa watu tisa. Marehemu baba akapata nusu mfuko wa saruji, na wakati ule saruji ilikuwa haionekani madukani, kwa hiyo wala sikumuuliza ameipataje. Akaniamsha kabla ya alfajiri. Yeye alishika mwiko; aliyechanganya ni mimi. Tulipiga lipu, tukangoja, tukapaka chokaa juu yake, na siku ya tatu ukuta ulikuwa mweupe kama kanzu ya Idi. Mkaguzi alikuja, akaugonga kwa kidole mara mbili, akaandika, akaenda zake. Baba alipofunga mlango alisema neno moja tu: "Sitara."

Neno hilo ndilo lililonishughulisha tangu siku ile ya patasi, kuliko tundu lenyewe.

Katika ukuta wa chokaa, maji hayakai. Yanapanda kutoka ardhini, hasa katika vyumba vya chini kama chetu, na yanatoka kwa kupumua kupitia ngozi ya ukuta, kwa kuwa chokaa ina matundu madogo yasiyoonekana. Ukiivika ngozi ya saruji, umeuziba mdomo. Lakini maji hayarudi ardhini kwa sababu mtu mmoja hataki kuyaona. Hutafuta pengine pa kutokea, na yakitoka hubeba chumvi, na chumvi inapokauka hufanya fuwele zinazoisukuma lipu mpaka ianguke. Sasa, ukuta wa shirika una nyuso mbili. Uso wetu tuliuziba. Uso wa pili ni wa bibi yule.

Na bibi yule, kwa miaka mingi nisiyoweza kuihesabu, amekuwa akilalamika kwamba ukuta wake unatoka jasho. Ameupaka rangi upya karibu kila Shaabani. Ameita mafundi wa bomba, akawalipa, wasione bomba lililopasuka. Kitanda amekihamisha kutoka kiambaza kimoja hadi kingine. Amesomewa dua chumba kizima. Nami, kila aliponihadithia barazani, nilimpa pole, na pole yangu ilikuwa ya kweli, kwa maana nilikuwa nimekwisha kusahau.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sote tumeimeza methali hii skulini kama dawa, na sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyeuliza: tuuzibe kwa nini? Methali imetaja kitendo, haikutaja kitu. Sisi tuliziba. Tuliziba kwa bidii, alfajiri, kwa saruji iliyotafutwa kwa shida, na kwa kuziba kule tukauharibu ukuta mara mbili, kwetu na kwa jirani. Yumkini waliotunga methali hawakuona haja ya kusema zaidi, kwa sababu katika zama zao cha kuzibia kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha jinsi moja na ukuta.

Nirudi kwenye sitara. Mswahili akilitamka neno hili huwa hakusudii hila. Pazia ni sitara, nguo ni sitara, ukuta wenyewe ni sitara ya waliomo ndani. Tunaomba tufe na sitara zetu. Aliyeona aibu ya mwenzake akainyamazia tunamwita mwungwana, na mwenye kuianika tunamwona hana malezi. Huu ndio mwenendo wa pwani, nami nimelelewa nao na sina nia ya kuukana. Lakini katika mafunzo hayo hayo tuliyolelewa nayo kuna habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono wake katika lundo la nafaka, vidole vikagusa unyevu chini ya ile kavu. Mwenye mali akasema ni mvua iliyonyea. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Na akaambiwa kwamba mwenye kughushi si mwenzetu. Nimeisikia habari hii tangu chuoni, nami siku zote nikimfikiria mfanyabiashara. Sikupata kufikiri kwamba mtu anaweza kufanya hivyo hivyo na ukuta: kavu juu, mbichi chini.

Mpaka basi uko wapi baina ya kusitiri na kughushi? Jibu la haraka ni kwamba sitara ni kwa aibu isiyomdhuru mwingine, na palipo na madhara hapana sitara. Jibu hili ni zuri, ila linampita baba yangu upesi mno. Asubuhi ile ya mwaka 1986 madhara yalikuwa pande zote. Lau tusingeziba, watu tisa wangelala nje, na wadogo wawili walikuwa hawajaanza kutembea. Nikiwekwa leo mahali pake, na watoto wale wale, na mkaguzi yule yule, sina hakika kwamba nisingefanya alivyofanya. Kwa hiyo sidhani kwamba kosa lilikuwa katika alfajiri ile. Nadhani kosa lilianza siku ya pili yake, mkaguzi alipokwisha kwenda, hofu imetulia, na mimi na yeye tukiwa na nafasi ya kumwambia jirani: mama, tumefanya jambo kwa dharura, tutalirekebisha Mungu akitujaalia. Hatukusema siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwaka huo. Baba akafa. Mimi nikaoa, nikazaa, nikaota mvi. Jambo lililokuwa kimbilio la siku moja likageuka kuwa ghushi, pasipo mtu yeyote kuamua kwamba liwe hivyo. Sitara yetu ilikuwa na muda wake, nasi tuliuacha upite.

Hapa kuna pingamizi, na nililitumia mwenyewe kwa muda wa siku nne. Kumweleza jirani ni kumfukua marehemu. Tumeamrishwa kuyataja mema ya wafu wetu. Isitoshe, nani ajuaye kwamba jasho la ukuta wake lote limetoka kwetu? Nilimwuliza fundi wa pili, mzee wa chokaa niliyetafutiwa na yule kijana mwenyewe (kwa uungwana wake alikiri kwamba kazi hii si ya nusu saa wala si yake), naye akanijibu, "Maji yana njia nyingi, Maalim. Mengine yako, mengine yake, mengine ya mfereji wa juu." Jibu hilo lilinifurahisha kuliko ilivyostahili. Nilipolichungua nikaona kwamba silipendi kwa ukweli wake. Nalipenda kwa kuwa linaniacha nikae kimya.

Mzee yule alikuwa na kawaida ya kusema huku akifanya kazi, nami nilikaa juu ya ndoo nikamsikiliza kama nilivyokuwa nikiwasikiliza watungaji wakubwa. Aliibomoa saruji yote kwanza, siku mbili, kwa nyundo ndogo, asiushtue ukuta. Akauacha wazi upumue kwa wiki tatu, akiifagia chumvi kila ilipoota. Kisha akaleta chokaa yake, si unga wa mfukoni bali uji mzito uliokuwa umelowekwa shimoni kwa miezi. Mchanga wake ni wa bara, si wa pwani, kwa kuwa wa pwani una chumvi. Vibaba vitatu vya mchanga kwa kibaba kimoja cha chokaa. Aliurowesha ukuta kabla ya kupiga, kwa kuwa ukuta mkavu huinyonya chokaa maji yake nayo ikafa kabla ya kushika. Penye shimo la kina alipanga vijiwe vya matumbawe, akavifunga. Akapiga tabaka moja jembamba, unene wa kidole, akalifunika kwa gunia bichi, akaondoka. Baada ya siku kadhaa tabaka la pili. Nilipomhimiza aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto anayechimbua mbegu aone kama imeota.

Kwake ndiko nilikokumbushwa jambo nililokuwa nikilijua kwa vitabu tu. Chokaa ni jiwe la baharini lililochomwa tanuuni kwa magogo. Moto unapolikolea huitoa gesi ya kaboni iliyofungwa ndani yake, likabaki jiwe jepesi lenye kiu. Likitiwa maji hututumka na kuchemka lenyewe. Likisha kupigwa ukutani, polepole, kwa miezi na hata miaka, huirudishia mwili wake ile gesi kutoka hewani, na mwisho wa safari huwa tena jiwe lile lile. Kiraka cha chokaa, kwa hiyo, si kitu cha kigeni kilichobandikwa. Ni tumbawe lililopitia moto likarudi kwa ndugu zake. Tena mzee alisisitiza kwamba kiraka sharti kiwe laini kuliko ukuta. "Pakitokea kuvutana," alisema, "kiumie kiraka, ukuta ubaki." Saruji yetu ilikuwa kinyume chake: yenyewe haikupata hata mkwaruzo, mawe nyuma yake yakaoza.

Mwenye kufanya kazi ya kutafsiri mashairi hawezi kuyasikia maneno hayo akalala usingizi. Nimetafsiri kwa zaidi ya miaka 20, bila chuo kikuu, kwa kamusi na kwa kuwaudhi wajuzi. Katika kitabu kimoja, ambacho baadhi ya wasomaji wa kurasa hizi wanacho, kuna ubeti ambao sikuuelewa. Mshororo wake wa tatu ulinikataa kabisa. Nilikuwa nimeahidi kukabidhi mswada mwisho wa mwezi. Nikatunga mshororo wangu, mizani sawa, vina sawa, maana ya kukisia, nikaupaka chokaa. Miaka michache baadaye, katika hafla ya mashairi, kijana mmoja alisimama akaughani ule mshororo kwa machozi, akasema hajapata kusoma neno zito kama hilo kutoka kwa mtungaji yule. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Katika fani yetu jambo hili ni la kale. Mashairi yetu yalihifadhiwa kwa hati za Kiarabu ambazo kwa kawaida hazikutofautisha b na p na mb. Herufi moja iliyabeba yote matatu, na msomaji akachagua. Kila aliyezihamisha hati hizo kwenda katika herufi za Kilatini amejaza matundu, apende asipende, na mchwa nao waliongeza matundu yao. Wahariri waaminifu hulitia neno walilolikisia ndani ya mabano, ili ajaye ajue hapa palikuwa na shimo. Wasanifu wa majengo walifikia shauri hilo hilo: Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaohusu kuhifadhi majengo ya kale, unataka kipande kinachoongezwa kipatane na jengo zima na papo hapo kitambulikane na cha asili, usije ukarabati ukaisemea uongo historia. Zamani niliona sharti hili lina ubaridi wa wataalamu. Nani anataka kuishi na kiraka kinachoonekana? Sasa nadhani limetungwa na mtu aliyepata kubandua lipu akakuta kijivu.

Wala si mambo ya chumba kimoja tu. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, nyumba iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, watu wawili wakafariki. Sisemi lolote juu ya sababu yake. Waliopewa kazi ya kuchunguza ndio wenye haki ya kusema. Nasema tu kwamba siku ile wengi wetu tulirudi majumbani tukazigonga kuta zetu kwa vidole, kama alivyofanya yule mkaguzi, na tukajiridhisha kwa sauti tuliyoisikia.

Siku ya tano nilivaa kanzu, nikamtuma mjukuu aulize kama bibi anapokea wageni. Nilimkuta amekaa kwenye kitanda chake kilichohamishwa. Nikamweleza tangu mwanzo: uvumi, alfajiri, nusu mfuko wa saruji, mimi na koleo. Nikamwambia mzee fundi anasema si yote yetu, ila sehemu ni yetu bila shaka, na kwamba gharama ya upande wake naibeba mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na kwa msamaha pia, ambao niliuogopa zaidi. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Baba yako alijua kwamba maji yatakuja huku?"

Sikuwa na jibu. Baba hakuwa fundi. Lakini alikuwa mtu wa kufikiri, na aliishi miaka 14 baada ya siku ile, akiketi na bibi huyu kwenye baraza moja, akisikia habari za jasho la ukuta kama nilivyozisikia mimi. Nilisema, "Sijui, bibi." Akatikisa kichwa, akaagiza kahawa, na tulipokwisha kunywa akasema huyo fundi wa chokaa aje, lakini asije siku ya Ijumaa.

Barua kwa mchapishaji nimeiandika pia, nikautaja ubeti na ukurasa. Kijana wa hafla sijui nimpatie wapi.

Tabaka la mwisho la upande wetu lilipigwa wiki iliyopita. Halijapakwa niru, na rangi yake ni ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, mbali na weupe wa kuta nyingine. Mke wangu ameuliza kama litaachwa hivyo. Nimemwambia litapakwa likisha kukauka, lakini ukingo wake utaonekana kwa mwenye kutaka kuuona. Pazia tumelikunja juu ya kabati. Mzee amechomeka kigingi cha mbao ndani ya chokaa mbichi, kimo cha mkono juu ya kichwa changu, na ametukataza kutundika chochote mpaka kaskazi lianze.